Jua la saa tatu usiku

Samma yangu ya kwanza, yaani majira ya joto, hapa Bristol, Uingereza, ilinikuta na saumu. Ramadhani ya 2015 ilianza tarehe 18 Juni, siku tatu kabla ya siku ndefu kuliko zote za mwaka, na wakati huo jua la huku linazama saa tatu na nusu. Usiku, kwa hesabu zetu. Lakini nikichungulia dirishani naona watoto wanacheza mpira barabarani, jirani anapaka rangi geti lake, na vivuli vya miti vimelala chini kama vya saa kumi na moja jioni kule Tanga. Tambi zimeshapoa mezani, uji umeshika utando juu, na mimi nimekaa nasubiri magharibi ambayo haiji.

Mama akapiga simu ya video. Kwao ilikuwa saa nne na nusu, tarawehe imeshasaliwa zamani.

"Hujafuturu bado?"

"Bado, mama. Jua halijazama."

Akanyamaza kidogo, anatazama dirisha lililokuwa nyuma yangu. "Hilo nyuma yako si taa?"

"Ni jua, mama."

"Subhanallah," akasema, na kabla ya kukata simu akanitaka ninywe maji mengi daku.

Saa za Kiswahili zimejengwa juu ya jua linaloaminika. Likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza upya, na pwani kwetu tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Bristol, jua la Juni linatoka kabla kidogo ya saa kumi na moja alfajiri. La Desemba linatoka saa mbili na robo, na saa kumi jioni limeshakwenda zake. Mimi nilifika Oktoba 2014, kwa hiyo nilianzia kwenye ile nusu ya giza. Nilikwenda kazini gizani nikarudi gizani, na kwa miezi mitano majirani zangu walikuwa makoti na kofia zinazopita. Nilidhani ni watu wasiopenda kusemezana. Ilipofika Mei wakatoka. Mama wa nyumba ya pili, ambaye tangu nihamie tulikuwa tukiitikiana kwa vichwa tu, alisimama kwenye ukuta mfupi unaotutenganisha akanisimulia habari za nyonga yake, za mwanawe aliyeko Kanada na za waridi lake lililotaka kufa, nusu saa nzima. Hakuwa amenikataa. Alikuwa anasubiri jua.

Kwetu jua tunalikimbia. Mtu akikaa juani saa saba mchana ataulizwa kama anaumwa. Huku jua ni la kuwahi, kama daladala ya mwisho, na nilichukua miaka kadhaa kulielewa hilo kwa mwili wangu, si kwa kuambiwa. (Vitabu vinaliita hili jira kiangazi. Sioni kama neno limekaa sawa. Kiangazi chetu ni mvua kukatika, na huku mvua hainyamazi, hata Julai inanyesha. Ndiyo maana Waswahili wengi wa huku tunasema samma tu.)

Baiskeli ndiyo iliyonitoa ndani kwanza. Tanga ni mji wa baiskeli, anayeujua anajua, na mimi nimezaliwa Ngamiani, katikati yake. Lakini nilifikisha miaka 34 sijui kuendesha. Nilikaa kwenye keria nyuma ya kaka yangu, miguu upande mmoja, kanga nimeikusanya isinaswe na spoku. Sikumbuki mtu aliyenikataza kujifunza. Hakutokea tu wa kunifundisha, kwa kuwa nilikuwa msichana, na sikuwahi kuomba.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa dawa na chai, kisha nyumba inayofuata. Basi likichelewa, kuna mzee amelala anakodolea mlango. Mwenzangu kazini, dada wa Kisomali aliyekulia Eastleigh kule Nairobi, aliniona nimesimama kituoni kwenye mvua akaniambia, "Dada, hizi basi zitakumaliza. Nunua baiski."

"Sijui kuendesha."

"Si utajua?"

Akanipeleka Eastville Park jioni ya Juni 2016, akafungua pedeli zote mbili kwa spana. Pale ndipo nilipojua kuwa pedeli ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia. Imetengenezwa hivyo isijilegeze yenyewe mtu anapokanyaga. Akashusha siti mpaka nyayo zangu zikakaa chini zote, akaniambia nisukume kwa miguu na niinue nikifika mteremkoni. Jioni tatu sikufanya kingine, kusukuma na kuinua. Ya nne akarudisha pedeli. "Macho mbele, sio kwa tairi!" alikuwa akipiga kelele huku anakimbia pembeni, mtandio unapepea, na mimi nikaenda. Nilifika mpaka kwenye ziwa la bata bila kushika breki kwa sababu niliogopa kuishika. Ilikuwa karibu saa tatu usiku, jua lipo juu ya miti. Zamu yangu ilikuwa inaisha saa moja na nusu. Desemba nisingejifunza kitu.

Kutoka katikati ya Bristol hadi Bath kuna njia ya baiskeli na waendao kwa miguu iliyopita juu ya reli ya zamani, kilomita 21 hivi, karibu yote tambarare kwa sababu treni haipendi vilima. Treni zilipoacha kupita, watu wa hapa, wengi wa kujitolea, walianza kuijenga mwaka 1979. Naipenda njia ile kuliko mahali pengine popote hapa Uingereza. Ukipita Staple Hill unaingia kwenye handaki la mita mia nne na kitu, na siku ya joto ni kama kufungua friji: ubaridi wa matofali, matone ya maji shingoni, kengele za baiskeli zinajibizana gizani. Ukitokea upande wa pili mwanga unakupiga usoni. Agosti kingo zake zinajaa matunda meusi ya miiba, na utaona watu wazima, wenye suti za kazini hata, wamesimamisha baiskeli wanachuma kwenye kontena la chakula. Kati yake kuna majani yanayowasha kama upupu. Vaa mikono mirefu.

Pancha yangu ya kwanza niliipatia Bitton, mbali na kila duka. Nilikuwa peke yangu na nilikaribia kulia. Kisha nikakumbuka fundi wa mtaani kwetu, aliyekuwa na karai la maji na tyubu mikononi siku zote nilipokuwa nakwenda madrasa. Miaka yote ile nilikuwa nasimama namtazama, kumbe nilikuwa nasoma. Nikashuka kingoni mwa mto Avon, nikatia tyubu hewa, nikaizamisha kipande kwa kipande mpaka mapovu madogo yakatoka kama ya samaki. Nikakausha kwa ncha ya mtandio, nikakwaruza kwa msasa, nikapaka gundi, nikaisubiri ikauke (fundi alikuwa akiipuliza, nami nikaipuliza), nikabandika kiraka. Mwiba wenyewe niliukuta ndani ya tairi baada ya kupapasa taratibu kwa kidole. Asiyeutafuta mwiba atapata pancha ya pili kabla ya maili moja.

Kukimbia kulinijia baadaye na sikukupenda haraka. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, katika mamia ya bustani nchini, watu hukusanyika kukimbia kilomita tano bure. Panaitwa parkrun. Jambo hili lilianzishwa na Paul Sinton-Hewitt huko Bushy Park, London, tarehe 2 Oktoba 2004, wakiwa wakimbiaji 13. Unajiandikisha mara moja, unakuja na msimbopau wako (barcode), basi. Yule yule dada wa Eastleigh alinivuta mwaka 2019, na alinivutia Ashton Court, ambako nusu ya kwanza yote ni kupanda mlima na nusu ya pili ni kurudi ulikotoka.

Nilichohofia ni kuwa wa mwisho, na kuwa wa mwisho nikiwa na hijabu, mweusi, nimetota jasho. Nilikosea. Nyuma ya watu wote huwekwa mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kumaliza mwisho. Siku ile alikuwa bwana mmoja wa miaka sabini hivi. Tulitembea pamoja sehemu yote ya mlima, akinionyesha uzio wa kulungu na majina ya miti, na tulipokaribia mwisho akapunguza mwendo ili nimtangulie. Nilitumia dakika 51. Watu waliokuwa wamemaliza zamani walikuwa wamesimama wanapiga makofi. Nilipofika nyumbani nilisali adhuhuri nimekaa kwa sababu magoti yalikataa, na Jumamosi iliyofuata nikaenda tena.

Mambo mawili niliyojifunza kwa mwili, yawafae wanaokuja. Kwanza, mavazi: nilianza na dera la pamba chini ya koti, likanywa jasho likawa zito kama shuka lililofuliwa. Siku hizi navaa kitambaa chepesi kinachokauka, kirefu mpaka gotini, na hijabu ya michezo isiyo na pini. Pili, chavua. Samma yangu ya tano nilianza kupiga chafya mwanzoni mwa Juni, macho yakivimba kama nimelia usiku kucha, nikadhani ni mafua yasiyoisha. Ni chavua ya nyasi. Mtu anaweza kukaa miaka kadhaa bila kusumbuliwa kisha mwili ukabadilika. Mfamasia alinipa dawa ya mzio ya kumeza kila siku, nami huoga na kubadilisha nguo nikitoka mbioni, siku hizi ninapumua. Na wenye ngozi kama yangu, msidhani samma inatosha kuwapa vitamini D. Ushauri wa afya wa huku ni kwamba tufikirie kumeza kidonge chake mwaka mzima.

Sasa shamba, ambalo ndilo hasa ninalotaka kulieleza.

Huku mtu asiye na bustani nyumbani anaweza kukodi kiwanja cha kulima kutoka halmashauri. Ni haki ya zamani, sheria ya 1908 inazitaka halmashauri zitoe viwanja hivyo pale watu wanapovihitaji. Mpaka leo hupimwa kwa kipimo cha kale, fimbo: fimbo kumi ni kama mita za mraba 250. Niliandika jina langu 2016 nikasubiri miaka minne. Nikapewa nusu kiwanja mwezi Machi 2020, wiki ile ile nchi ilipofungwa kwa ajili ya korona. Kwenda shambani kuliruhusiwa. Kwa hiyo nilikuwa na sehemu tatu tu za kwenda: kwa wazee wangu, dukani na pale.

Aprili ile jua liliwaka kama halijawahi. Mimi mtoto wa Tanga niliona mbingu ya buluu nikasema, haya, wakati umefika. Katikati ya mwezi nikapanda kila nilichokuwa nacho: mahindi, maharage, maboga, bamia hata. Vikaota. Nikawa nawapigia picha ndugu zangu kila asubuhi. Kisha katikati ya Mei, usiku mmoja tu, jalidi, umande ulioganda, ikashuka. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikakuta kila jani limefunikwa na weupe kama chumvi laini. Bado yalikuwa yamesimama, mazuri ajabu, nikadhani yamepona. Jua lilipoyapata yakalegea mbele ya macho yangu, yakawa meusi, yakalala kama mboga iliyochemshwa. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kiwanja cha pili kilikuwa cha mama mmoja wa Kijamaika, aliyekuja Uingereza msichana mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kwetu huwezi kumwita mtu mzima jina lake, nilimwambia hivyo siku ya kwanza, akaniambia basi niite Mama. Alikuja mpaka kwenye mpaka wetu, akasimama mbali kama ilivyotakiwa siku zile.

"Ulipanda lini?"

"Katikati ya Aprili, Mama. Jua lilikuwa kali."

"Kali kwa macho. Udongo uliushika?"

Nikamtazama.

"Ingiza mkono."

Nikauchomeka mkono kwenye tuta mpaka kwenye kiwiko. Juu kulikuwa na vuguvugu. Chini, upana wa kiganja tu, ulikuwa baridi kama tumbo la mtungi. Nimelima na bibi yangu tangu utoto na sikuwahi kufikiria kwamba udongo unaweza kuwa baridi. Kwetu udongo ni mkavu au una maji, basi. Huku una homa zake, na jua linaweza kuwa juu wiki sita kabla joto halijashuka kwenye mizizi.

Akarudi kibandani kwake akatoka na kikopo cha dawa, akakiweka juu ya nguzo na kurudi nyuma ili nikichukue. "Kalalu. Otesha ndani, dirishani. Usiutoe nje mpaka Juni." Nikamwaga kiganjani. Mbegu nyeusi, ndogo kuliko ulezi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nilizijua kabla hazijatulia mkononi.

"Mama, hii kwetu ni mchicha."

"Ni nini?"

"Mchicha."

Akalijaribu neno mara tatu, la tatu likatoka sawasawa. Akaniambia yeye huukaanga kwa kitunguu, thaimu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na samaki wa chumvi akiwapo. Nikamwambia sisi ni tui la nazi na nyanya kidogo. Kwa dakika kadhaa tukawa wanawake wawili tunaopigana juu ya sufuria, na miche yangu iliyokufa ikiwa katikati yetu.

Niliotesha kwenye vikopo vya mtindi dirishani jikoni. Wiki ya kwanza ya Juni nikaitoa nje, na wiki hiyo hiyo koa wakaila nusu yake. Koa wa huku hutoka usiku baada ya mvua, laini, rangi ya matope, na mche wa mchicha wenye majani manne wanaumaliza kwa mlo mmoja. Wenzangu shambani huwategea kwa bakuli la bia, mimi sikutaka. Nilikwenda na tochi saa nne usiku, giza linapoanza kuwa giza kweli, nikawaokota kwa mkono na glavu, mmoja mmoja, nikawatia ndooni. Usiku wa kwanza walikuwa 83, nilihesabu. Baada ya wiki mbili walikuwa wachache kuliko vidole vyangu, na mchicha ukashika. Mama akanifundisha kukata vichwa mapema ili utoe matawi. Mwisho wa Julai nilipika mchicha wa nazi wa kwanza uliooteshwa na mikono yangu mwenyewe katika nchi hii, nikala peke yangu jikoni kwa mkono, dirisha wazi.

Joto la 2022 lilikuwa jambo jingine. Tarehe 19 Julai Coningsby, kule Lincolnshire, palifika nyuzi 40.3, mara ya kwanza Uingereza kupita arobaini. Nyumba za huku zimejengwa zishike joto, hazijui kuliachia. Siku ile niliingia kwa mzee wangu mmoja saa tano asubuhi nikamkuta amefungua madirisha yote, jua linaingia mpaka kitandani, naye amevaa fulana ya sufu. Nilifunga madirisha, nikashusha mapazia upande wa jua, nikaweka taulo la maji shingoni, nikamnywesha kidogo kidogo. Saa tatu usiku nikarudi kwa baiskeli nje ya zamu, nikafungua kila kitu upepo upite. Ndivyo mama yangu anavyofanya Januari. Hiyo ndiyo siku pekee katika miaka yangu ya kazi huku ambapo nilichokijua kutoka nyumbani kilitosha bila kuongezewa kitu.

Bustani zilikauka mwezi uliofuata. Mama na mimi tulimwagilia jioni kutoka kwenye mapipa ya mvua, kopo moja kwa shina, chini kwenye mzizi. Asubuhi moja ya Agosti, saa kumi na mbili na kitu, tukasikia mvumo kama wa joka linalokoroma juu yetu. Ni maputo ya hewa ya moto, yale makubwa ya kubeba watu, ambayo hurushwa Ashton Court mwezi Agosti, kwenye tamasha lililoanza 1979. Yalipita polepole, moja baada ya jingine, chini kiasi cha kuona mtu akipunga mkono. Mama aliweka kopo chini akapunga kwa mikono yote miwili.

Magoti yamemwangusha. Miaka miwili sasa hafiki shambani na kiwanja chake kimechukuliwa na kijana mwenye watoto wadogo. Kwa hiyo Jumamosi za Julai na Agosti nina ratiba. Saa kumi na moja alfajiri nakuwa shambani, nakata mchicha ukiwa na umande, naufunga kwenye kanga iliyolowa, naupakia kwenye kikapu cha baiskeli. Navuka mji kwenda Ashton Court. Baiskeli naiacha kivulini, napanda mlima na kushuka (mwaka huu dakika 34), napiga makofi kwa wa nyuma, kisha naendesha mpaka kwake kabla jua halijawa kali.

Jumamosi iliyopita alifungua kanga juu ya meza ya jikoni, akaokota shina moja, akalivunja kwa kidole gumba na kulisikiliza.

"Uliutoa nje lini?"

"Tarehe mbili Juni, Mama."

Akaliangalia tena upande wa mzizi.

"Mapema," akasema, akaanza kuosha.